Mheshimiwa DC wa Kigamboni, taa za bichi zinatumalizia kasa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Shikamoo, na pole na majukumu. Sitakuzungusha, naomba mambo mawili tu kabla masika haijaingia. Taa za majumba na hoteli zinazomulika baharini kuanzia Mjimwema, Somangila mpaka huku Kimbiji na Pemba Mnazi zizimwe usiku au zigeuziwe nchi kavu. La pili, zile mita 60 za ufukwe zilizoko kwenye kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 zipimwe kweli na ziwekewe bikoni, maana sasa hivi kila mtu anazipima kwa macho, na macho ya mwenye kiwanja siku zote yanaona bahari iko mbali.

Najua wapo watakaosema huyu naye, watu wanahangaika na maji na barabara yeye analia na kasa. Waseme. Ila ukanda huu wa kwenda Ras Kimbiji ni moja ya sehemu chache za Dar ambazo kasa bado anapanda kutaga na tukiuharibu hatuna mwingine wa kuazima.

Kasa jike anakaa miaka zaidi ya 20 ndo aanze kutaga, halafu anarudi pande zilezile alikoanguliwa. Anapanda usiku, anachimba, anaangusha mayai 100 na ushee, anafukia, anaenda zake. Kama miezi miwili hivi watoto wanatoka, nao wanatoka usiku, wanafuata upande wenye mwanga, na kwa asili upande huo ni baharini kwa sababu maji yanang'aa kuliko vichaka vya nyuma. Sasa weka hapo taa nyeupe za sola zinazowaka mpaka alfajiri! Watoto wote wanageuka wanaelekea ukutani kwa mtu, kukicha jua linawakausha, na wale kunguru wetu wa Dar si unawajua, hawabakishi kitu. Na mama mwenyewe akikuta mwanga na disko la wikiendi mara nyingi anageuza anarudi majini bila kutaga.

Halafu kuna hili la kufyeka, yaani hili ndo linaniuma zaidi. Mtu akinunua kiwanja cha bichi kitu cha kwanza anang'oa mlakasa, ule unaotambaa wenye maua ya zambarau, anauona ni majani machafu, anakata pia mikadi, ile miti ya ufukweni, anataka mchanga mtupu wa kupigia picha. Mlakasa ndo unashika mchanga bwana! Ukishatoka bahari inaanza kumla taratibu, anashtuka anajenga ukuta wa zege, ukuta unamsukumia jirani mawimbi, jirani naye anajenga wake, na kasa akipanda anagonga zege. Huku kwetu yupo mmoja, simtaji, kajenga mpaka maji yakijaa wavuvi wanapita wamelowa kiunoni na ngalawa hazina pa kupumzika. Alipewa kibali na nani sijui, ila fensi ipo.

Mikoko nayo, hapo sitaongea sana, yote Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi toka enzi za mkoloni na TFS, wale wakala wa misitu, wapo. Lakini boriti za mkandaa, nao ni mkoko, bado zinapita mchana kweupe.

Kinachonishangaza ni hiki, visiwa vya Bongoyo na Mbudya vinalindwa toka 1975, Sinda na Kendwa navyo vikatangazwa maeneo tengefu ya bahari 2007, na Sinda ukiwa Mjimwema unaiona pale mbele tu. Kwa hiyo kasa akiwa kule majini ana ulinzi, akivuka kuja kutaga huku anapokelewa na halogeni. Kwani ni kasa wawili tofauti?

Wenye hoteli watakuambia wanaogopa wezi. Sawa, hakuna anayesema wakae gizani. Taa ya njano au nyekundu, ifungwe chini, ifunikwe juu, iangalie mlangoni na si majini, na pazia lifungwe, basi. Mlinzi atumie tochi nyekundu. Hiyo siyo bajeti ya kusubiri wafadhili.

Kwa hiyo tunaomba uwaite wenye hoteli, wenyeviti wa mitaa, NEMC wa mazingira, watu wa ardhi wa halmashauri, na wale wenzetu wa vijijini wanaolinda viota pamoja na lile shirika la Sea Sense, kwa sababu hao ndo wanajua kasa anapandia wapi, siyo ramani. Ila tafadhali isiwe semina ya ukumbini yenye chupa za maji. Njooni Kimbiji usiku, bamvua, maji yakiwa yamejaa, muone wenyewe mita 60 zinaishia sebuleni kwa nani. Na magari myaache barabarani, taa za gari nazo ni taa.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kimbiji, Kigamboni