Risala ya Klabu ya Picha kwa Mgeni Rasmi wa Maonesho ya Picha za Machimboni, Geita

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Picha, tunakushukuru kwa kukubali kufungua maonesho haya, ambayo picha zake zote tulizipiga kwenye mialo, yaani sehemu za kusagia na kuoshea mawe ya dhahabu, ya wachimbaji wadogo hapa Geita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulipoanza tulidhani tutapiga picha za sumu. Mchimbaji huchanganya zebaki kwa mikono mitupu na mchanga uliosagwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, ili ikamate chembe za dhahabu, kisha donge linalopatikana hulichoma juu ya jiko la mkaa, zebaki ikatoka kama mvuke na dhahabu ikabaki. Lakini mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, na anayeufuata kwa kamera huondoka na picha ya jiko tu. Ndipo tulipogeukia mikono na mahali watu wanapokaa. Katika picha ya tatu utaona kiganja cha mama mmoja chenye donge la rangi ya fedha, dogo kama punje ya hindi, na hatua chache kutoka jikoni imetandikwa khanga anayolazia mtoto. Uso wake haumo, kwa kuwa ndivyo alivyotaka.

Ridhaa hiyo tulifundishwa kuiheshimu kwa mfano wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwandani ulitambuliwa mwaka 1956. Mpiga picha W. Eugene Smith na mkewe Aileen walihamia huko mwaka 1971, na picha zao ziliufikishia ulimwengu mateso ya familia za wavuvi. Hata hivyo, ile iliyojulikana kuliko zote, ya mama akimwogesha binti yake aliyeathirika tangu tumboni, wazazi walifika mahali wakataka ipumzike, yaani isioneshwe tena, na Aileen akaridhia. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, umebeba jina la mji huo.

Sisi nasi ni watu wa ziwa. Zebaki ikisombwa na mvua hadi majini, bakteria huweza kuigeuza kuwa sumu inayojikusanya mwilini mwa samaki, hasa wanaokula wenzao kama sangara, na mjamzito akiwala humfikia mtoto aliye tumboni.

Changamoto yetu kubwa ni kwamba picha ziko hapa ukumbini, na waliopigwa wako mialoni. Tunakuomba utusaidie usafiri wa kuzipeleka huko, tukiwa na mtaalamu wa kuonesha chombo cha kunasia mvuke, ambacho pia humrudishia mchimbaji zebaki aliyoinunua kwa fedha yake. Hakuna anayechoma zebaki kwa ukaidi, na anayekwenda kumlaumu bila kumwonesha njia nyingine hatasikilizwa.

Mama wa picha ya tatu ametuuliza mara mbili picha yake itafika lini.

Tunaomba kuwasilisha.