Yah: Malalamiko kuhusu mvumo ndani ya gari baada ya kufungiwa ekzosi yenu

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyenunua mfumo mzima wa ekzosi, kuanzia nyuma ya masega (kifaa cha kusafisha moshi) hadi mdomo wa bomba, nikafungiwa na mafundi wenu kwenye gereji yenu wenyewe. Tangu nilipofungiwa, gari langu linavuma ndani kila likifika mwendo wa safari. Nimelalamika kwa simu na kwa baruapepe, na jibu ninalopewa ni lile lile: sauti ni suala la mtu na mtu, nitazoea. Jibu hilo silikubali. Mvumo huu ni kasoro ya mfumo mliouunda, ungeweza kugunduliwa kabla ya mimi kulipa, na tangazo lenu liliniahidi kinyume chake.

Naeleza hali ilivyo ili asiwepo mtu wa kusema sikueleweka. Gari langu lina injini ya petroli ya silinda nne, na ni la aina ambayo buti na viti vya nyuma viko katika chumba kimoja, bila ukuta katikati. Likiwashwa, sauti ni nzuri. Nikikanyaga mafuta kuondoka, sauti ni nzuri vilevile, na kwa hilo sina lawama, maana ndiyo sauti niliyoifuata kwenu. Shida inaanza nikitulia kwenye kilomita 100 kwa saa, gia ya mwisho, injini ikizunguka kama mara 2,400 kwa dakika. Hapo unaingia mvumo mmoja mzito, haupandi wala haushuki, unasikika masikioni na kifuani kwa pamoja. Kioo cha kati kinatetemeka mpaka taa za gari lililo nyuma yangu zinaonekana kama mistari. Watu wanaacha kuzungumza kwa sababu wamechoka kupaza sauti. Mizunguko ikivuka 2,800 mvumo unakatika, na ikishuka chini ya 2,000 unakatika pia. Kwa hiyo umekaa palepale ambapo gari hutembea muda mrefu zaidi bila kubadilishwa gia.

Mama yangu hukaa kiti cha nyuma. Anashuka safarini ameshika kichwa, na sasa ameomba awe anapanda basi. Mzazi anayekataa kupanda gari la mwanawe kwa sababu ya bomba la moshi hajashindwa kuzoea sauti. Kuna kitu kimefanywa vibaya.

Fundi wenu mkuu alikubali kupanda gari tukajaribu barabarani, na kwa hilo namshukuru. Alikaa kiti cha mbele, akasikiliza, akasema mbona ni kawaida. Nilimwomba ahamie nyuma, karibu na mlango wa buti. Alipohamia alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hapa kweli ipo." Nashangaa kwamba maneno hayo hayamo katika ripoti aliyoiandika baadaye, kwa sababu ndiyo yaliyobeba jambo zima.

Injini ya silinda nne inayokwenda kwa mipigo minne huwasha mafuta mara mbili katika kila mzunguko. Kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 40 kwa sekunde, na milipuko 80 kwa sekunde. Ndiyo kusema bomba linatoa sauti ya hezi 80, yaani mitikisiko 80 kwa sekunde. Chumba cha gari langu, toka kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma, kina urefu wa mita 2.1 hivi. Sauti katika hewa ya kawaida husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, na chumba cha urefu huo hupokea na kukuza sauti ya karibu hezi 80, kwa kuwa nusu ya wimbi lake inaenea humo barabara. Presha ya sauti inakuwa kubwa kwenye ncha mbili za chumba na ndogo katikati. Dereva yuko karibu na katikati. Mama yangu yuko kwenye ncha. Fundi wenu alisikia kitu kimoja mbele na kingine nyuma kwa sababu hiyo, wala masikio yake hayana tatizo.

Niliweka programu ya kupima masafa ya sauti kwenye simu, nikamwachia ndugu yangu aishike nyuma huku mimi naendesha. Kwenye 2,400 kilisimama kilele kimoja kirefu kwenye hezi 80. Nilipopandisha hadi 2,600 kilele kilihamia karibu na 87, kama hesabu inavyotaka. Kelele ya matairi haihami hivyo unapobadilisha gia kwa mwendo uleule. Hii ilihama. Picha za skrini nimeziambatanisha.

Mhandisi wenu alinijibu kwa cheti cha vipimo, akisema sauti ya ekzosi iko ndani ya kiwango. Sina sababu ya kukikataa cheti hicho, ila hakihusu ninacholalamikia. Kipimo kilichofanywa ni kile cha kiwango cha kimataifa cha ISO 5130: gari limesimama, kipaza sauti kiko nje, nusu mita kutoka mdomo wa bomba kwa pembe ya nyuzi 45, injini inakanyagwa bila kubeba mzigo. Kipimo hicho kinalinda watu walio barabarani, na ni kizuri kwa kazi hiyo. Hakisemi lolote kuhusu anayekaa ndani ya gari linalokwenda. Pia kimesomwa kwa mizani A ya desibeli (kizio cha ukubwa wa sauti), mizani ambayo inapunguza sauti nzito ili ifanane na sikio linavyosikia sauti ndogo. Kwenye hezi 80 mizani hiyo inaondoa zaidi ya desibeli 22. Mvumo wa desibeli 90 unaandikwa kama 67 na kitu, na karatasi inaonyesha gari tulivu wakati kioo kinatetemeka. Mngesoma kwa mizani C, ambayo hapo inaondoa nusu desibeli tu, mngeona ninachokisema. Kupima ndani ya gari nako kuna kiwango chake cha kimataifa, ISO 5128. Naomba niambiwe kama mfumo huu umewahi kupimwa kwa utaratibu huo kabla haujaingia sokoni. Nimeuliza mara kadhaa bila kujibiwa.

Chanzo nacho hakijifichi. Ekzosi iliyokuja na gari ilikuwa na vyombo viwili: rezoneta (chombo cha kutuliza sauti fulani) katikati na sailensa ya vyumba nyuma. Vyumba vile, pamoja na mabomba ya ndani yanayorudisha mawimbi yagongane na wenzake, ndivyo vinavyoua sauti nzito. Ninyi mmeweka bomba lililonyooka mahali pa rezoneta, na nyuma sailensa ya kupita moja kwa moja, bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya nyuzi za kioo. Pamba inafyonza vizuri sauti kali za juu. Sauti ya hezi 80, ambayo wimbi lake ndani ya gesi ya moto lina urefu wa karibu mita sita, inapita kwenye unene wa sentimita chache za pamba karibu kama vile haipo. Anayeunda ekzosi kwa kuuza analijua hili. Aliyeandika kwenye tangazo "haivumi ndani ya gari" ama hakumuuliza aliyeiunda, ama aliuliza na hakujali jibu.

Niliambiwa pia nisubiri pamba ijikaze, sauti itashuka. Nimesubiri. Pamba kwenye sailensa za aina hii huchakaa na kupeperushwa na gesi kadiri gari linavyotembea, na ikipungua sauti inaongezeka. Kumwambia mteja asubiri kitu ambacho mwenendo wake wa kawaida ni kuwa kibaya zaidi, huku siku za dhamana zinakwenda, si huduma.

Kabla ya kurudi kwenu nilihakikisha tatizo si ufungaji. Fundi mwingine, asiyehusiana nanyi, alipandisha gari juu, akakagua raba zote zinazoshikilia bomba, akapitisha mkono kuona kama bomba linagusa chesisi au bati la kukinga joto, akakagua maungio kama yanavuja. Alikuta kazi safi, na nasema hivyo kwa haki. Mafundi wenu wanajua kufunga. Alichofungiwa mteja ndicho chenye kasoro.

Mkaniuzia mikeka ya lami ya kubandika sakafuni na kwenye buti, kwa malipo ya ziada. Mikeka hiyo inatuliza bati linalotetemeka na inapunguza mlio wa changarawe. Kwa hewa ya chumba inayotikisika kwa hezi 80 haifanyi lolote la kutajwa, na haikufanya. Gharama yake naidai pia.

Jaribio la mwisho ndilo lililonionyesha kwamba gereji yenu inakisia. Mlichomelea bomba la pembeni lililozibwa mwisho, la kunyamazisha sauti moja. Wazo ni sahihi kabisa, na nilifurahi kuliona: wimbi linaingia kwenye bomba hilo, linagonga mwisho, linarudi likiwa kinyume na wimbi lililo njiani, yanafutana. Urefu unatakiwa uwe robo ya wimbi. Bomba mlilokata lina mita 1.07. Nilipopiga hesabu nikaona mmetumia mita 343 kwa sekunde, mwendo wa sauti katika hewa ya nyuzi 20. Ndani ya ekzosi gesi ina joto la mamia ya nyuzi, na kwenye nyuzi 300 sauti inakwenda zaidi ya mita 470 kwa sekunde. Kwa mwendo huo robo ya wimbi la hezi 80 inakaribia mita 1.5. Gesi iliyotulia ndani ya bomba lililozibwa hupoa kidogo kuliko inayopita, hivyo urefu halisi uko katikati ya hizo mbili, na hauwezi kujulikana bila kupima gari likiwa limepata moto. Hilo fupi mliloweka limenyamazisha sauti ya juu zaidi, mahali fulani kati ya mizunguko 3,000 na 3,300. Nikipanda mlima kwa gia ya chini gari sasa limetulia kuliko awali. Nikirudi kwenye mwendo wa safari, mvumo uko palepale. Kwa hiyo dawa inafanya kazi, imewekwa tu mahali pasipouma. Nililieleza jambo hili kwa simu, nikaambiwa mimi si mhandisi. Ni kweli, mimi si mhandisi. Ndiyo maana nililipa kampuni yenye wahandisi.

Jambo ambalo linaniudhi kuliko fedha ni namna mlivyonipokea. Dada wa mapokezi alikuwa na adabu kila mara. Lakini kutoka ngazi za juu nimetendewa kama mtu asiyejua magari, aliyenunua ekzosi ya michezo kisha akashangaa kwamba inalia. Sijalalamikia mlio. Nalalamikia sauti moja, kwenye mwendo mmoja, inayoumiza watu waliokaa sehemu moja ya gari, na nimewaletea ushahidi wake.

Kwa hiyo naomba mchague moja kati ya mambo mawili. Ama mnibadilishie sailensa ya nyuma kwa ile yenye vyumba, mrudishe rezoneta katikati, na kama bomba la pembeni litabaki likatwe upya baada ya kupimwa gari likiwa na moto, kisha tutoke pamoja barabarani, fundi wenu akae kiti cha nyuma kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kipimo kisomwe kwa mizani C. Ama mnirudishie fedha zote, za mfumo, za ufungaji na za mikeka, na mrudishe ekzosi ya awali kwa gharama zenu. Ninayo, imehifadhiwa, haina tatizo. Sitapokea vocha wala punguzo kwenye bidhaa nyingine.

Pamoja na hilo, ondoeni maneno "haivumi ndani ya gari" kwenye tangazo la mfumo huu mpaka mtakapoweza kuyathibitisha kwa kila aina ya gari mnayoitaja. Magari hayafanani. Injini ya silinda sita inatoa milipuko mitatu kwa kila mzunguko, ya silinda nane inatoa minne, na kila chumba kina urefu wake, kwa hiyo mfumo usiosumbua gari moja unaweza kumtesa mwenye jingine. Mkiwaandikia wanunuzi kwamba kwenye gari fulani mvumo upo kati ya mizunguko hii na hii, wengi watanunua hivyohivyo kwa sababu wanaendesha mjini tu, na hawatakuwa na neno nanyi. Mimi ningejua, ningechagua mfumo mwingine kutoka kwenu hukohuko.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, likisainiwa na mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Siku hizo zikipita bila jibu nitapeleka malalamiko haya, pamoja na viambatanisho vyote, kwenye mamlaka inayolinda haki za walaji.

Viambatanisho: nakala ya risiti na kadi ya dhamana, nakala ya tangazo kama lilivyosomeka siku ya ununuzi, picha za skrini za vipimo vya masafa kwenye mizunguko 2,400 na 2,600, maelezo ya fundi aliyekagua ufungaji, na nakala za baruapepe zenu.

Wako mwaminifu,

Mteja mwenye risiti iliyoambatanishwa