Somo, usinunue kioo kwanza

Somo yangu, habari za Songea na hiyo baridi yenu,

Ile video yako ya laptopu yenye mistari kwenye kioo niliiona jana usiku, nikairudia kama mara tano hivi, na la kwanza nakwambia huyo fundi usimpe hela bado. Sisemi ni tapeli, simjui, ila mtu anaeangalia mistari kwenye kioo sekunde mbili afu anasema kioo kimekufa lete laki na nusu, huyo hajapima kitu. Mi yalinikuta mwaka juzi hapa hapa Tanga. Nikalipa, kioo kipya kikafungwa, nafika nyumbani nafungua laptopu naona mistari ile ile, imekaa pale pale. Kumbe ulikuwa waya, na hela ndo ilikuwa imeshaenda.

Afu video yenyewe tusiitegemee sana. Kamera ya simu ukiielekeza kwenye kioo cha kompyuta inaleta mawimbi yake na mikanda myeusi inayopanda na kushuka, kwa macho havipo, basi hiyo achana nayo. Mi nahangaika na ile mistari ya wima upande wa kulia na ile pinki unayosema "inakuja na kuondoka". Hilo neno lako ndo limenipa matumaini.

Fanya hivi leo, haina gharama. Fungua ukurasa mweupe mtupu, shika kifuniko juu katikati kwa vidole viwili, kilaze nyuma taratibu kisha kirudishe, taratibu kama mtu anafungua mlango na mtoto kalala, macho yasitoke kwenye mistari. Ikicheza, au ikifika pembe fulani inapotea yote na rangi zinarudi kawaida, basi shughulikia kebo ya kioo, ile inayotoka kwenye bodi kuu ya ndani ikapita kwenye hinji za kifuniko kupanda juu. Imekunjwa na kukunjuliwa kila siku miaka minane, nyuzi zake nyembamba karibu kama unywele, lazima zichoke. Lakini kama ni mstari mmoja kama uzi, umetulia, ulaze usimamishe hautikisiki, afu ukibonyeza fremu karibu na ulipoanzia ndo unafifia au unaongezeka, hapo pole somo, ni kioo kweli, viunganishi vya pembeni mwa kioo vimeachia na kwa bei ya maana hakuna wa kuvirudisha.

Ile skrinshoti niliyokuomba asubuhi nayo ilikuwa na maana yake, najua ulishangaa. Kompyuta ikipiga skrinshoti inachukua picha kabla haijaenda kwenye kioo, kwa hiyo kioo kikiwa kibovu au waya ukiwa umekatika skrinshoti inatoka safi tu. Yako nimeifungua kwenye simu yangu ni safi kabisa, hata mstari mmoja hamna. Hiyo bado haijaisafisha moja kwa moja chipu ya picha, ile ya kwenye bodi inayotengeneza picha, ndo maana nataka uichomeke kwenye TV ya sebuleni kwa waya wa HDMI ule wa king'amuzi, uangalie hata nusu saa mpaka kompyuta ipate moto. TV ikibaki safi na kioo kinaendelea na vituko vyake, chipu yako ya picha haina neno.

Halafu nimekumbuka, yako si Dell? Basi una bahati, Dell nyingi zina kipimo chao cha ndani. Zima kabisa, bonyeza herufi D usiiachie, huku umeishika ndo uwashe. Kioo kitajipaka rangi tupu moja moja, nyekundu, kijani, bluu, nyeupe, nyeusi, na hizo kinazitengeneza chenyewe hakisubiri picha toka kwenye bodi. Rangi zikipita safi bila mistari, kioo ni kizima, mwambie fundi wako aangalie waya kwanza. Zikipita na mistari, basi nitakubali nimeshindwa. Ila hapo hapo kwenye rangi nyeupe utaona yale mabaka meupe ya katikati, hayo siyo ugonjwa mpya, hayo ni madaftari ya form two unayoyarundika juu ya laptopu ukiwa unatoka darasani. Nimekusema miaka yote hiyo. Hayaponi lakini hayaui.

Ikigundulika ni waya, usikimbilie kununua mpya. Mara nyingi umelegea tu kwenye soketi nyuma ya kioo au pini zimeota kutu. Ya kwangu, kwa upepo huu wa chumvi, pini zilikuwa na ukungu wa kijani, fundi mwingine kabisa akazipitia kwa brashi ya mswaki na spiriti, akachomeka, ikawaka kama mpya. Sharti moja ambalo usilegeze: betri ichomolewe kwanza, isiwe kuzima tu. Kebo hiyo inabeba na umeme wa taa ya nyuma ya kioo, ile inayokiangazia, ukiichomoa au kuichomeka huku moto upo unaweza kuunguza fyuzi moja ndogo kama punje ya mchele kwenye bodi, na kioo kinakuwa giza, ukimulika tochi pembeni unaona herufi kwa mbali humo ndani. Wengi wakifika hapo wanaambiwa kioo kimekufa mara ya pili.

Na kama mwisho wa yote ni kioo, msiagize kwa jina la laptopu. Kifunguliwe, mpige picha ile karatasi ya nyuma yenye namba za modeli, mhesabu pini kama ni 30 au 40, na muangalie idadi ya nukta za kioo, ni 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080. Nitumie hiyo picha, nitakuulizia kwa jamaa yangu mmoja Kariakoo, ana vioo vya kuvunja, vya kutoa kwenye laptopu kuukuu, vilivyo vizuri tu na anakubali kujaribu kabla hujalipa.

Mitihani yako ihamishie kwenye fleshi leo leo, usisubiri. Mama anakusalimia, anauliza ule mchele wa Mbeya uliomuahidi unapita njia gani mpaka leo haujafika. Nipigie baada ya isha, mchana huku mtandao haueleweki.

Mimi somo yako,
Tanga