Barua kwa mdogo wangu, hizi siku za maleleji, upepo mmoja umekwisha na wa pili haujashika

Assalam alaikum mdogo wangu,

Juzi ulinipigia saa tisa na nusu usiku nikaruka kitandani nikijua kuna msiba, manake kwetu simu ya saa hizo haiji na kheri. Kumbe ni we tu umekaa hapo Maweni ya Malindi verandani huna usingizi. Ukaniuliza, "Kaka, na kama nimekosea kuacha kazi nikasomee uuguzi?" Nami nikakupa lile jibu la kila mtu, usijali, yatakua sawa, nenda ukalale. Tangu usiku ule hilo jibu lanikera moyoni, kwa sababu mi sijui kama yatakua sawa, hakuna ajuae, na we hukuniuliza ili nikudanganye. Kwa hivo leo nimeziacha mashini za boti za watu nimekaa kivulini hapa Lamu karibu na jeti ya boti nakuandikia kwa simu, na naiacha wazi manake najua wako wengine walioacha kazi, ile mpya haijashika, na wao pia usiku wanahesabu mabati.

Kwanza nikukumbushe kwa nini uliondoka, hofu ikiingia huwa yafuta sababu zote. Miaka sita umekua afisa wa mikopo, wazunguka na vikundi vya kina mama, wawajua watoto wao kwa majina, na kazi uliipenda sikatai. Mpaka ile siku ulipotumwa Muyeye na pikapu kwenda kuchukua cherehani ya yule mama mjane. Hakulia wala hakukutukana, alikwambia tu "ngoja mwanangu niutoe huu uzi wa watu", akauchomoa uzi mweupe pole pole akautia kwenye kikopo, alafu akawafungulia mlango mkapita na cherehani yake. Huo uzi umenisimulia mara tatu. Mi naona kazi uliiacha siku ile, barua ukaja kuiandika baadae. Na mwaka wa nyuma yake ulikua umekaa wodini na bibi wiki saba, wale wauguzi wakakufundisha kumgeuza asipate vidonda vya mgongo, na uliporudi nyumbani ukasema ungeanza maisha tena ungekua muuguzi. Kwa hivo wale wanaosema umeamka siku moja ukarukwa na akili hawajui hesabu hii imeanza lini.

Sasa sikiza yangu, ambayo waijua nusu.

Nlikua upande wa hesabu hotelini hapo Malindi miaka tisa. Wageni wetu karibu wote Waitaliano, na Italia ndo iliyopigwa mapema na korona, kwa hivo sisi tulianza kuona watu wanafuta buking kabla hata kesi ya kwanza ya Kenya haijatangazwa ile Machi 2020. Ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa tarehe 25, na wiki hiyo hiyo tukaitwa uani mmoja mmoja tukapewa barua ya likizo bila malipo. Mistari minne tu. Na pale kwenye tarehe ya kurudi kazini hapakua na tarehe, palikua na nukta, nukta nukta mpaka mwisho wa mstari. Nilipanda basi la Lamu siku mbili kabla kaunti ya Kilifi kufungwa tarehe 8 Aprili, na njia nzima, Gongoni, Garsen, Witu, mpaka tunashuka Mokowe, nlikua nikiitoa ile barua mfukoni naziangalia zile nukta kama mtu asomae kitu.

Wakumbuka nilivokua nyumbani. Mama aweka chai mi niko na simu, adhana yaadhiniwa mi niko na simu, naangalia kama ndege zimefunguliwa, naangalia Italia wamekufa wangapi, nawapigia wenzangu kuuliza kama kuna yeyote alieitwa. Ndege zilifunguliwa tarehe 1 Agosti. Simu ya hotelini haikulia, na mpaka leo haijalia.

Alienitoa barazani ni ami. Hakuniuliza kitu, alisema tu kesho twende Matondoni kuna mashua yangu nimeipandisha. Ilikua bamvua, maji yalijaa sana wakaiingiza mpaka juu kabisa, yalipokupwa ikabaki kavu imelalia ubavu. Akanipa nyundo ya mti na patasi butu na furushi la pamba iliyochovywa mafuta, akanionesha mara moja jinsi ya kuisokota pamba kama utambi na kuipigilia katikati ya mbao, alafu akaenda upande wa pili akaniacha. Mi nikapiga. Ami hanioni, mashua nzima iko katikati yetu, lakini kila nikisogea mbele naskia sauti yake, "Bado hiyo. Rudia." Nikirudia, nikisogea, "Bado." Ikanichukua asubuhi nzima kujua alikua akiskiza nini. Mbao ikiwa haijashiba pamba nyundo yalia kama debe tupu, ikishiba ile sauti yafunga, yawa fupi, nzito. Sa saba mchana nikaanza kuiskia mwenyewe na ami akanyamaza.

Tulipokaa kula nikamuuliza, ami, kusi itaingia lini? Akasema, "Ikiingia." Si kwamba ananibeza, ndo jibu lenyewe. Upepo wa kaskazi ushakwisha nguvu, wa kusi haujashika, hapo katikati ndo maleleji, wazee wengine waita tanga mbili, upepo waja huku asubuhi na kule jioni, na siku ingine hakuna kabisa bahari imetulia kama uji uliopoa. Mi nimezaliwa hapa na hayo maneno nayajua tangu utoto lakini nlikua nayachukulia kama siku tupu, siku ambazo hakuna kitu, mabaharia wamekaa wangoja. Kumbe hawangoji. Ndo wakati chombo chapandishwa, chakwanguliwa, chapigwa kalafati, yaani ile pamba ya katikati ya mbao, chapakwa sifa, mafuta ya papa, juu na deheni, mafuta na chokaa, chini, tanga lashonwa pale lilipochanika. Kazi hiyo huwezi kuifanya chombo kikiwa safarini. Na ami miaka yote hiyo arubaini na kitu hajawahi kujua tarehe ya upepo, na hajawahi kukosa usingizi kwa hilo.

Lakini nisikupambie mambo. Usiku ule ule nilirudi nimechoka mikono yanuka mafuta, nikalala kama mfu mpaka saa tisa, alafu nikaamka na ile hofu iko pale pale kifuani. Tofauti ilikua moja, nlikua na kitu cha kwenda kufanya asubuhi. Kwa wakati ule hiyo ilitosha, na ndo nataka uishike hii zaidi ya yote nliyoandika. Mi nlikua nikifikiri utulivu utakuja siku nikijua mwisho wake, kumbe ulikuja kidogo kidogo nikiwa sijui chochote, ulikuja kwenye mikono kwanza, moyo ukafuata nyuma sana.

Kutoka kwenye mbao nikaingia kwenye mashini za boti. Fundi alienichukua hakunilipa miezi minne, alinipa chakula cha mchana tu, na nlikua na miaka 35 natumwa sigara na kijana wa miaka 19 ambae ndo alikua akinifundisha, na anajua kweli kuliko mimi. Hiyo nakwambia kwa sababu we pia utakaa darasani na watoto waliomaliza fomu foo juzi, na itakuuma, usijilazimishe isikuume. Nikajifunza oili lita 1 kwa petroli lita 50 kwa zile mashini zetu za mchanganyiko, na mashini mpya hupewa oili mara mbili ya hiyo mpaka izoee. Nikajifunza kusafisha plagi, kufungua kabureta bila kupoteza ile sindano, na kuosha ndani kwa maji ya kisima kila jioni manake chumvi ndo adui. Ukiiwasha kitu cha kwanza si mlio, ni kuangalia nyuma kama yale maji yanaruka, kile kijimshipa chembamba cha maji. Yasiporuka zima haraka, impela, kile cha kusukuma maji, imekufa, ukiendelea dakika chache utaunguza mashini ya mtu ya laki kadhaa. Siku nliyobadilisha impela peke yangu na nikaona yale maji yanaruka nilisimama pale kwenye tope la maji kupwa nikashukuru kwa sauti.

Na zile hesabu hazikupotea. Nina daftari, kila mashini ina ukurasa wake, plagi imebadilishwa lini, gia oili lini, na manahodha wananiletea kwa sababu ya lile daftari kuliko kwa mikono yangu. Hilo sikulipanga. Na wewe kule kuzungumza na mama mwenye deni bila kumvunjia heshima, siku moja utakutumia mbele ya mgonjwa, naamini hivo.

Kuhusu mama na istikhara, ile swala ya kumuomba Mola akuchagulie. Najua amekwambia uswali, na najua umeswali manake ulisema "nimeswali siku saba sijaota kitu". Na mimi nlikua hivo hivo, nlikua nalala nikingojea ndoto, nyeupe iwe heri, nyeusi iwe shari. Nikaenda kumuuliza sheikh baada ya alasiri akaniambia hakuna mahali pameshurutishwa ndoto. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi na ile dua, alafu waendelea na jambo lako, likifunguka lafunguka, likifungwa wageuzwa. Akanisomea ile dua pole pole na maana yake. Wamwambia Mola we wajua mimi sijui, jambo hili likiwa na kheri na mimi katika dini yangu na maisha yangu nisahilishie, likiwa na shari liepushe na mimi na mimi uniepushe nalo, na unikadirie kheri popote ilipo. Alafu ndo lile neno la mwisho ambalo mi nlikua nikilipita mbio miaka yote: kisha uniridhishe nayo. Yaani dua yenyewe yaanza kwa kukubali kwamba hujui, na yamalizika kwa kuomba ridhaa, haiombi ujulishwe. Nlitoka msikitini nikatembea mpaka Shela kwa miguu, kando kando ya maji, naligeuza hilo neno tu.

Pesa sasa, manake hofu ingine si ya moyo ni ya kodi na dawa yake ni kalamu. Kaa chini uandike, una akiba ya miezi mingapi ukilipa nyumba na chakula na bima na zamu yako ya chama. Usiandike kwa kichwa, andika kwenye karatasi. Mi nlipoandika nikaona nina miezi mitano, na hiyo mitano ilinipa usingizi kuliko maneno ya watu wote, manake hofu yangu ilikua ikinambia nina wiki mbili. Kama hiyo nyumba ni nzito toka, rudi kwa hale, dadake mama, hapo Shela ya Malindi, chumba kipo na yeye yuko peke yake. Si kushindwa huko. Na zile apu za kukopa kwa simu usizifungue kabisa, we wajua kuliko mimi mwisho wake.

Watu watasema. Hapa walisema mtu na diploma yake anuka petroli. Mmoja alimwambia mama "mwanao ameharibikiwa" na mama akamjibu "mwanangu ameajirika", akaendelea kuuza mahamri yake. Mi nlikaa na lile jibu la mama mwaka mzima, na wewe pia nakupa.

Sasa wasema barua ya chuo haijaja, na ikija hujui utapangiwa kampasi gani, na hata ukiingia ni miaka mitatu, alafu mtihani wa leseni, alafu kungojea kaunti itangaze nafasi. Ni kweli yote hayo, siwezi kukuondolea hata moja. Yangu pia bado. Gati la kwanza la bandari mpya huko Magogoni lilianza kazi Mei 2021 na mpaka sai hatujajua vizuri itatugeuza vipi sisi wa boti ndogo, na vijana wasema siku moja mashini zote zitakua za umeme, sasa mi na kabureta zangu nitakwenda wapi sijui. Nlikua nikiwaza hilo jana nikiwa nimeshika spana na nikaona sijasimamisha kazi. Miaka sita nyuma ningeiweka spana chini.

Basi, njoo. Usingojee hiyo barua ukiwa peke yako hapo verandani, watakupata kwa simu popote ulipo. Ami anaipandisha mashua tena Ijumaa hii, bamvua imeangukia vizuri, na magoti yake siku hizi hayamruhusu kuinama upande wa chini, kwa hivo kuna nafasi ya mtu na nyundo ipo. Chukua basi la asubuhi, ukifika Witu nipigie nianze kuja, nitakungojea Mokowe na boti ya rangi ya kijani. Mama anauliza kama bado wala samaki wa kupaka au huko Malindi wamekugeuza.

Kaka yako