Kusafisha mto si kufyeka kingo zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie watu wanaojitolea kutunza kingo za mito iliyosahauliwa mijini, ambao husifiwa kwa idadi ya magunia ya taka waliyojaza kwa siku moja, ilhali sehemu ngumu zaidi ya kazi yao haionekani katika picha.

Mimi ni mmoja wao. Tulipoanza tulifyeka kila kilichoota ukingoni, matete na magugu pamoja, tukaamini kwamba tumesafisha, na mvua kubwa ya kwanza ikabomoa ukingo ule mtupu. Mizizi ya matete ndiyo iliyokuwa imeushika udongo, na mashina yake ndiyo yaliyopunguza kasi ya maji ya mitaani hata yakatua tope kabla ya kufika mtoni. Hali kadhalika kivuli cha miti huyapoza maji, na maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko yenye joto. Kereng'ende tunayemwona akiruka juu ya mto ameishi chini ya maji hayo kwa miezi mingi, na baadhi ya aina zake kwa miaka, akiwa bado mchanga. Tunapowakuta wachanga wake kati ya mizizi, nakiri kwamba furaha yangu hupita ile ya kujaza gunia.

Kwa hiyo sasa tunang'oa kwa kuchagua, na tunarudi palepale. Gugu maji, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini, huchipua tena kutokana na kipande cha shina kilichoachwa, na mbegu zake huweza kulala katika tope kwa zaidi ya miaka 15, basi zoezi la siku moja haliwezi kulimaliza.

Ninaziomba mamlaka za miji zivikabidhi vikundi vya kujitolea sehemu maalumu za mto kwa miaka kadhaa mfululizo, ziwaagize wafanyakazi wao wasifyeke mimea ya asili tuliyoiotesha, jambo ambalo limetupata zaidi ya mara moja na kutuumiza sana, na zizibe mabomba yanayomwaga majitaka mtoni, kwa kuwa kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa glavu na reki za watu waliojitolea.

Wako mtiifu,
Mtunza kingo wa kujitolea