Mama aliyesahau jina lako hajaacha kukupenda

Bwana Mhariri,

Katika toleo lenu la wiki iliyopita msomaji mmoja aliandika kwamba mzee akishasahau majina ya wanawe, upendo nao umekwenda, na kilichobaki nyumbani ni mwili wa kulishwa tu. Hatumlaumu. Maneno hayo yanasemwa katika mitaa yetu ya Lubumbashi, Katuba, Kenya na Ruashi, na mara nyingi anayeyasema ni mtu aliyechoka kuuguza. Lakini si kweli, na kosa hilo lina madhara: mzee haongeleshwi tena, anafichwa chumba cha nyuma, na mambo yakizidi anaitwa mchawi. Tunaandika wawili, mmoja mwuguzi na mwingine mwalimu wa falsafa, kwa kuwa jambo hili halitoshi katika kazi ya mmoja wetu.

Neno kumbukumbu ndilo linalotupotosha. Tunalitumia kana kwamba ni gunia moja la unga, likitoboka yote yanamwagika. Ubongo hauko hivyo. Kukumbuka nani alifika jana na tulikula nini kunategemea hipokampasi, vipande viwili vidogo vilivyojikunja ndani ya ubongo, kimoja kila upande, na hapo ndipo ugonjwa wa Alzheimer, unaokula kumbukumbu polepole, hupiga mapema. Kusonga bukari, kushona, kuendesha baiskeli ni kumbukumbu ya mwili, nayo inakaa kwingine, chini na nyuma ya ubongo. Hofu, furaha na utulivu anaotupa mtu fulani vina njia yao pia, na kituo kimoja kikuu cha njia hiyo kinaitwa amigdala, chenye umbo la lozi. Sehemu hizi zinasaidiana kila siku, lakini moja inaweza kubomoka na jirani yake akabaki amesimama.

Haya si maneno ya kufariji. Mwaka 1953 huko Marekani, Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili kutibu kifafa, na sehemu kubwa ya hipokampasi zake mbili ikaondolewa. Toka siku ile hakuweza kuhifadhi tukio jipya kwa zaidi ya muda mfupi. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayomshinda karibu kila mtu mara ya kwanza. Siku ya tatu makosa yake yalikuwa yamepungua sana, na bado hakukumbuka kwamba amewahi kuifanya kazi ile. Mkono ulijifunza, mwenye mkono hakujua.

Na hisia je? Mwaka 1911 daktari Édouard Claparède wa Geneva alieleza habari za mama mmoja mgonjwa ambaye kila asubuhi hakumtambua. Siku moja alificha pini kiganjani na kumchoma alipompa mkono. Aliporudi baadaye yule mama hakumjua kama kawaida, lakini alikataa kumpa mkono, na sababu hasa hakuweza kuisema. Majaribio yaliyofanywa Iowa, Marekani, yakaenda mbali zaidi. Mwaka 2010 watu walioharibikiwa hipokampasi, na mwaka 2014 wagonjwa wa Alzheimer, walionyeshwa vipande vya filamu za huzuni na vya furaha. Baada ya dakika chache wengi hawakukumbuka walichoona. Huzuni ilibaki. Furaha nayo ilibaki.

Tunamwomba kila anayemuuguza mzazi asome tena mistari hiyo miwili ya mwisho. Ukimfokea mama saa mbili asubuhi kwa sababu ameuliza swali lilelile mara ya tisa, saa mbili na nusu atakuwa amesahau ulichosema, lakini ataendelea kukaa na uchungu asioujua chanzo chake. Atakataa uji. Atakataa kuogeshwa. Ninyi mtasema ni ukaidi. Na ukimwimbia, ukamshika mkono, ukacheka naye, atasahau wimbo wenyewe na kubaki na wepesi moyoni. Anayesema "hata nikimtembelea hatakumbuka" amepiga hesabu ya sehemu moja tu ya ubongo.

Wako wanaoutafuta upendo katika kemikali za mwili, hasa homoni ya oksitosini. Tahadhari ni njema. Panya wa nyika za Marekani, wanaojulikana kwa kuishi dume na jike pamoja maisha yote, walibadilishwa vinasaba wasiweze kuipokea oksitosini, na utafiti uliotolewa mwaka 2023 ukaonyesha kwamba bado walichagua mwenza na kukaa naye. Upendo una milango mingi, hata kwa panya.

Tugeukie falsafa, maana ndiko fikra za yule msomaji zinakotoka, hata kama mwenyewe hajui. Mwaka 1694 John Locke wa Uingereza aliandika kwamba mtu ni yuleyule kadiri anavyoweza kuyakumbuka matendo yake. Asiyekumbuka, kwa hesabu hiyo, si yule tena. Mwaka 1785 Thomas Reid alimjibu kwa mfano wa jenerali mzee: anakumbuka alivyoteka bendera ya adui alipokuwa ofisa kijana, yule ofisa kijana alikumbuka alivyochapwa utotoni kwa kuiba matunda, lakini jenerali hakumbuki kabisa kile kiboko. Kwa kanuni ya Locke, jenerali ni yule ofisa, ofisa ni yule mtoto, ila jenerali si yule mtoto. Haiwezekani. Uzi wa kumbukumbu peke yake haumshiki mtu.

Basi anashikwa na nini? Padri Placide Tempels alichapisha kitabu chake mwaka 1945 hapahapa, mji ungali unaitwa Élisabethville, akidai kwamba kwa Wabantu kuwepo ni nguvu inayoungana na nguvu za wengine. Alijumlisha watu wote kupita kiasi, na wanafalsafa Waafrika walimkosoa kwa haki. Lakini kwa swali hili hatuhitaji kumtegemea yeye, maana Katanga ina kitu bora zaidi, nacho ni lukasa.

Lukasa ni ubao wa Waluba wa kushikwa mkononi, wenye shanga, makombe na michoro. Watu wa chama cha Mbudye, watunza historia wa ufalme, waliusoma kwa vidole huku wakisimulia habari za Nkongolo, za Mbidi Kiluwe na za Kalala Ilunga, mashujaa wa simulizi za chanzo cha ufalme huo. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo ulisimama badala ya mfalme na watu wake, mstari wa shanga ukawa njia ya safari. Ubao haukuwa na maneno, na msomaji hakusema yaleyale kila mara: alisoma kulingana na nani yuko mbele yake na kwa nini wamekutana. Habari haikukaa katika mti peke yake, wala katika kichwa peke yake. Iliundwa upya pale mkono ulipokutana na ushanga na masikio ya wasikilizaji. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alionyesha kwamba hata sisi wazima hatutoi kumbukumbu kama picha kutoka sandukuni. Tunaijenga upya kila tunapoihitaji. Wambudye walikuwa wakiifanya kazi hiyo kwa vidole.

Kwa mzee anayesahau, lukasa ni ninyi. Usimpime kwa kumwuliza "unanijua mimi nani?" Huo ni mtihani, na kila anapoushindwa anaaibika. Mjie kwa mbele, kaa chini macho yenu yalingane, mpe ushanga wa kwanza: "Mama, ni mimi, kitinda mimba wako, nimekuja na sombe." Sema jambo moja kwa sentensi moja, halafu hesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia, wengi huharakisha, na sentensi ya pili inaifuta ya kwanza. Tumieni lugha aliyokua nayo. Aliyejifunza Kiswahili na Kifaransa ukubwani huweza kurudi kwenye Kiluba, Kibemba au Kisanga, na nyumba yenye watoto wasioijua lugha hiyo itafute jirani anayeijua. Chagueni nyimbo na picha za ujana wake, tangu miaka kumi hadi thelathini hivi, maana kumbukumbu za umri huo hukaa nyingi na imara kuliko za baadaye. Mfanyakazi wa zamani wa kiwanda mpe bisibisi na misumari ya kupanga. Mama mpe mboga za kuchambua, hata kama itabidi uzichambue tena baadaye bila yeye kuona.

Jambo linaloziumiza nyumba nyingi kuliko yote ni mzee kumwulizia mwenzi wake aliyekwisha kufa: "Baba yenu mbona harudi?" Wengi hujibu kwamba alikufa zamani, na kwamba hata kwenye kilio mama alikuwepo. Kwake hiyo ni habari mpya. Anafiwa leo, kesho anafiwa tena, na tulishaona kwamba huzuni hubaki habari ikiisha. Wengine hudanganya kwamba baba yuko kazini, naye anakesha mlangoni akimsubiri. Sisi tunashauri kuijibu hamu iliyo nyuma ya swali: "Umemkumbuka baba. Alikuwa anapenda kula nini akitoka kazini?" Mara nyingi atasimulia, na akisimulia atatulia. Akikukazia macho na kuuliza kama amekufa, mwambie kweli, kwa sauti ya chini, umemshika mkono, na usiondoke mpaka atulie. Anayeuliza hivyo ameshaanza kujua, na anastahili kutodanganywa.

Kabla ya hayo yote, mzee apelekwe hospitali, maana si kila kusahau ni Alzheimer. Akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, apelekwe siku hiyohiyo: inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, upungufu wa maji au sukari. Kama alianguka au aligonga kichwa wiki chache zilizopita, semeni, kwa sababu damu huweza kuvilia polepole chini ya fuvu. Ikiwa imekuja taratibu kwa miezi, ombeni apimwe damu, kaswende, ukimwi, tezi ya thairoidi na vitamini B12, kwa kadiri hospitali inavyoweza. Anayekunywa pombe sana huweza kukosa vitamini B1, na hilo halisubiri. Chukueni dawa zake zote katika mfuko, pamoja na za usingizi na za mafua zilizonunuliwa sokoni. Baadhi yake huvuruga kichwa cha mzee. Nta ya masikio na mtoto wa jicho humfanya aonekane amesahau kumbe hasikii na haoni. Na msiba usioliliwa huweza kufanana kabisa na ugonjwa wa kusahau.

Nyumbani, mbabula, yaani jiko la makala, isibaki inawaka karibu naye bila mtu, wala isiingizwe chumbani usiku, kwani moshi wa makala usioonekana unaua. Taa iwashwe kabla giza halijaingia: machweo huwatia wengi wasiwasi, vivuli vinakuwa watu. Anayetangatanga ashonewe namba ya simu ya nyumbani katika upindo wa kitenge. Na kutangatanga usiku, kuongea na wasioonekana, kumshtaki mwana kwamba ameiba pesa ambazo mwenyewe alizificha chini ya godoro, ni dalili zinazojulikana za ugonjwa. Hazihitaji mganga wa kunusa wachawi wala kufungishwa mfungo wa siku tatu kanisani. Mzee mgonjwa akikosa maji kwa siku tatu anaweza kufa.

Ombi letu kwenu, Bwana Mhariri, ni dogo. Katika habari zenu mmeandika mara kadhaa kwamba mzee fulani "amerudia utoto". Tunaomba mliache neno hilo. Mtoto hajawa na historia ya kudharauliwa; huyu ana miaka sabini ya heshima, na anasikia vizuri sana anaposemeshwa kama mtoto mbele ya wajukuu. Andikeni "anaugua ugonjwa wa kusahau".

Mwuguzi na mwalimu wa falsafa,
Katuba, Lubumbashi