Wapiga gitaa wa Mombasa, pedali zinawamaliza hela bure

Mhariri, salaam aleikum. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niseme hili jambo la vijana wetu wapiga gitaa, maana naona limezidi sasa. Mimi kazi yangu ni kutengeneza ampli na spika hapa Kisauni, na wikendi napiga ridhim kwenye bendi, harusi, hoteli, popote tunapoitwa, kwa hivyo haya mambo nayaona mezani kwangu na nayaona stejini.

Iko hivi. Kijana ana gitaa lake zuri tu, anaona jamaa YouTube anapiga na pedali, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa, ile ya kijani, Ibanez Tube Screamer, sauti yatoka tamu mpaka wasikia raha, basi naye anajinyima mpaka anakinunua, akija kuchomeka kwenye mixa ya ukumbini yatoka chrrrrr kama bajia kwenye karai. Anaambiwa hiyo labda ni feki, anaiuza kwa hasara, anatafuta Boss DS-1 ile ya rangi ya chungwa, halafu fuzi ya kukoromesha, halafu dilei ya mwangwi, na bajia ni zile zile. Mwisho anaanza kusema gitaa ndilo bovu, anataka kubadilisha gitaa.

Gitaa halina kosa jamani. Hiyo pedali ya kijani ilianza kutoka mwishoni mwa miaka ya sabini na utamu wake unatokea pale inaposukuma ampli ya valvu, zile za vichupa vya kioo, ambayo tayari imefunguliwa volyumu mpaka yenyewe iko karibu kukwaruza. Pedali inakata besi, inainua sauti za kati, pale kwenye 720 Hz hivi (Hz ni mitetemo kwa sekunde, ikiwa nyingi sauti ni ya juu), kisha ampli inamalizia. Baada ya ampli kuna spika, na hapa ndipo wengi hawapajui kabisa. Spika ya gitaa ya inchi 12 haina twita, yaani kile kispika kidogo cha sauti za juu, ikishapita kama 5,000 Hz sauti inaanguka kwa kasi, kwa hivyo ule ukali wote wa juu unaozalishwa na distoshoni, yaani kule kukwaruza, unamezwa na spika na wewe unabakiwa na nyama. Spika za ukumbini ni za kuimbia na za diijei, zina honi inayofika 15,000 Hz na zaidi, basi kila takataka inayotoka kwenye pedali inapelekwa vile vile ilivyo mpaka masikioni mwa bi harusi.

Kulikuwa na harusi moja Bamburi, kijana wetu wa solo akaja na ubao umejaa pedali, taa nyekundu na buluu zawaka, na sauti ile ile ya chrrrr. Nikamwambia dogo hebu zima zote kwanza. Nikatoa kiampli changu cha wati 15, tukakiweka juu ya kiti cha plastiki nyuma ya mpiga ngoma, tukasimamisha maiki ya Shure SM57 mbele yake, inakaribia kugusa kitambaa. Ukiilenga maiki katikati ya spika, pale penye kile kifuniko cha duara, inachoma masikio. Ukiisogeza upana wa vidole viwili kuelekea ukingoni inapoa, inanenepa. Basi yeye apiga mimi nasogeza, apiga nasogeza, mpaka mzee wetu wa besi akasema hapo hapo, usiguse tena. Baadaye tukarudisha pedali moja tu, ya kijani, geini, kitufe cha kukwaruza, imezimwa karibu yote na leveli, kitufe cha volyumu, imefunguliwa, na hapo ndio ikafanya kazi iliyotengenezewa.

Najua si kila mtu ataweza kubeba ampli kwenye matatu, makanga atakutoza viti viwili na matusi juu. Sawa, basi ziko pedali za dijitali zinazoigiza spika, hiyo iwe ya mwisho kabla ya kuingia kwenye mixa, na ndiyo ya kwanza kununua kama wewe kila siku wachomeka moja kwa moja. Ikikushinda, mwambie mtu wa mixa apunguze kila kitu kilicho juu ya 5,000 Hz kwenye chaneli yako, haitakuwa sawa na spika lakini itasikika kama gitaa.

Kuna na hii ya wati. Vijana wataka ampli kubwa, ati Fender Twin Reverb ya wati 85, ati Marshall ya 100. Wati ukizizidisha mara mbili unaongeza desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti) peke yake, kusikia kelele mara mbili wahitaji karibu wati mara kumi. Ampli ya valvu ya wati 15 ukiifungua vizuri inajaza ukumbi wa harusi, ile ya 100 utaiweka kwenye moja na nusu halafu meneja wa hoteli anakuja na kidole mdomoni, na valvu zake hazijaanza hata kupata moto wa kazi.

Kingine ni kupanga sauti chumbani. Usiku, volyumu chini watu wamelala, kijana anazidisha besi na trebo, zile za kati anazitoa zote, anasikia poa kweli. Hii haikuanza leo, watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sauti ikiwa chini sikio la binadamu halizisikii besi na zile za juu vile inavyosikia za kati. Sasa beba mpangilio huo huo upeleke stejini na volyumu juu, besi inavuma, trebo inakata, na gitaa lenyewe halisikiki kwa sababu gitaa linaishi kwenye sauti za kati, uzi wa chini kabisa ni 82 Hz tu na huko tayari kuna besi na ngoma wanagombana. Ndio utamuona mtu apiga mpaka jasho linamtoka na watu wasikia kinanda tu.

Na sisi Pwani si wageni wa kitu hiki. Fundi Konde alikuwa mtu wa huku, na ni katika watu wa mwanzo kupiga gitaa la umeme kwenye rekodi za Kenya. Ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga hapo jirani wakaunda Simba Wanyika, 1978 wengine wakatoka wakaunda Les Wanyika. Sikiliza rekodi zao na hedifoni, gitaa safi, solo iko juu, ridhim katikati, hakuna anayemkanyaga mwenziwe, na ile ridhim ukiitoa peke yake waweza kudhani ni nyembamba sana, mpaka uirudishe kwenye bendi. Hiyo ndiyo toni ambayo watu wakiisikia Mtwapa wanaacha sahani wanasimama, sasa sisi wenyewe twaikimbia.

Sina ugomvi na distoshoni lakini. Yanichekesha tu kwamba ilianza kama ubovu, mwanzoni mwa miaka ya sitini kule Nashville, Marekani, chaneli moja ya mixa iliharibika katikati ya kurekodi, gitaa likatoka linakoroma, fundi Glenn Snoddy badala ya kuisahau akatengeneza sakiti ya kukoroma makusudi, na 1962 ikauzwa kama pedali ya Maestro Fuzz-Tone. Dave Davies wa Kinks, bendi ya Uingereza, yeye alichana spika yake kwa wembe. Mimi watu wananilipa niondoe kile ambacho wengine walilipa kukipata.

Sasa Mhariri, kilichonifanya niandike hasa ni stima. Gitaa likiunguruma, mtu akimbilia kununua pedali ya kukata kelele. Mngurumo wenyewe mara nyingi ni wa umeme wetu wa 50 Hz, na pikapu (zile sumaku za gitaa zinazodaka nyuzi) za koili moja zinaudaka sana, ndio maana Seth Lover wa kampuni ya Gibson akatengeneza hambaka 1955, koili mbili zinazofuta kelele ya mwenziwe. Zikija taa za kupunguzwa mwanga za ukumbini ndio basi. Lakini kubwa kuliko zote ni ethi, ule waya wa usalama unaopeleka stima ardhini. Kumbi nyingi nilizopiga soketi zina ethi ya jina, tundu lipo waya haupo. Mtu anakuja na plagi ya pini mbili, anasukuma kalamu kwenye lile tundu la juu ili milango ifunguke, anaingiza, kazi inaendelea. Wengine wakigundua kwamba kuondoa ethi kunapunguza mngurumo, wanaikata makusudi kwenye waya wa ampli, na nimeletewa ampli kadhaa za namna hiyo, mwenyewe ajisifu kabisa kwamba alijitengenezea.

Nyuzi za gitaa zimeungwa na bodi ya chuma ya ampli. Siku ampli isiyo na ethi ikipata hitilafu ndani, ile bodi inapata moto wa stima, nyuzi nazo zina moto, na wewe umezishika kwa mkono wenye jasho la Mombasa halafu wasogeza mdomo kwenye maiki ambayo ina ethi kupitia mixa. Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alifia stejini kwa kupigwa na stima Swansea kule Wales mwaka 1972, alishika maiki akiwa na gitaa lake. Hapa kwetu naona Mungu tu anatuchunga. Wenye kumbi, wenye hoteli, makanisa pia, muite fundi wa stima mwenye leseni apime ethi ya soketi za steji, apime kwa mashine, asiangalie kwa macho. Na bendi mkiandikiana mkataba wa kazi ulizieni hilo kabla ya kuulizia chakula.

Na wauzaji, mkiuza ampli iliyotoka Marekani msome nyuma. Imeandikwa 120V, 60Hz. Hapa ni 240V. Nililetewa moja na mama wa kijana, akiba ya chama yote iliingia humo, aliyemuuzia hakumwambia neno, ilichomekwa mara moja ikatoa moshi, transfoma imeungua nyeusi. Ampli kama hiyo inataka transfoma ya kushusha umeme, tena iwe na wati za kutosha.

Nyuzi je? Chumvi ya bahari inazila, zinapata kutu kabla hujazichoka, na uzi wenye kutu ni mfu, haurudishwi na pedali yoyote. Pangusa ukimaliza kupiga, badilisha mapema. Waya nao ukiwa mrefu sana unameza trebo, sasa mtu ana waya wa mita 10 halafu analalamika sauti imefunikwa.

Kijana aliyekuja kwangu wiki iliyopita kuuliza kama anunue Fuzz Face, pedali ya fuzi, ya tranzista za jermaniamu kama ile ya mpiga gitaa Jimi Hendrix, jibu langu ni kwamba hizo zilitoka London 1966 na jermaniamu haipendi joto, ikipata moto inavujisha, bayasi, yaani mpangilio wa umeme wa tranzista, inahama, sauti inakabwa. Huku kwetu mwezi wa tatu utapiga nyimbo mbili tu nzuri kabla haijachemka. Chukua ya silikoni. Lakini kama kuna msomaji ana redio mbovu ya zamani ya miaka ya sitini yenye tranzista za jermaniamu za AC128 ndani, tafadhali asiitupe. Mimi nazinunua.

Fundi wa ampli,
Kisauni, Mombasa